Mchanga wa Ndoo ya Tatu

Jumatatu ile Mama Samaki alikuta tuta ndani ya tangi.

Ijumaa jioni aliuacha mchanga umelala sawa, kama kitanda kilichotandikwa kwa ajili ya mgeni mwenye masimango. Sasa ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, mkoba bado uko begani, na katikati ya mchanga, chini ya maji, palikuwa na tuta jembamba lenye urefu wa kiganja. Mgongo umeinuka, ubavu umeteremka vizuri huku na huku, kana kwamba limepigwapigwa kwa koleo. Aliwahesabu samaki. Wekundu kumi na wawili, kambare wadogo wanne, konokono mmoja. Wote wapo, lakini samaki walikuwa wamejibana kwenye kona moja ya juu, kama wateja wanapotangaziwa kwamba mtandao umekata.

"Ni nyinyi kambare," aliwaambia. "Mmekosa kazi."

Alichukua fimbo yake, rula ya plastiki aliyoifunga kwenye mpini wa ufagio, akalisawazisha tuta. Rula ilipopita, chini ya maji ilisikika sauti kavu, kama mtu anayefunua ukurasa wa jalada la zamani. Aligeuka. Ukumbi ulikuwa mtupu, mabenchi matupu, madirisha ya makarani yamefungwa. Akarudisha kifuniko cha tangi, akaenda kuchemsha chai.

Jina la Mama Samaki hakupewa na wazazi wake. Alipewa na ofisi, tena bila barua. Kabla ya hapo alikuwa mhudumu tu: kufagia, kudeki, chai, kutumwa. Alikuwa kibarua wa miezi mitatu mitatu, na kibarua hicho kilikuwa kimeongezwa mara arobaini na nne. Ukipiga hesabu ni miaka kumi na mmoja, lakini ofisi haikuwahi kuipiga.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya vyeti. Ukizaliwa unapita pale, ukioa unapita pale, ukifa unapitishwa. Watu walikaa kwenye mabenchi tangu asubuhi mpaka jua la utosi, na walipochoka kukaa walifoka. Ndipo Mkuu wa ofisi aliporudi kutoka semina moja na habari kwamba mteja anayetazama samaki hafoki. Likanunuliwa tangi la kioo, refu kama meza ya watu sita, pamoja na taa, pampu, chujio na samaki wenyewe. Kila kitu kilikuwemo kwenye bajeti isipokuwa mchanga wa kutandaza chini.

"Mchanga tunao," alisema Mtunza Bohari, mtu ambaye hakuwahi kukosa kitu kwenye daftari, hata kama kwenye rafu hakipo. "Ndoo tatu za zimamoto. Tangu jengo lifunguliwe halijaungua. Hiyo ni mali iliyolala."

Ndoo mbili za kwanza zilikuwa zimejaa vipande vya sigara na bigijii zilizotafunwa na makarani. Ya tatu ilikaa peke yake nyuma ya mlango wa bohari, nyekundu, ina kifuniko, na kifuniko kimefungwa kwa waya uliopindwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mtunza Bohari alifungua daftari, akasoma kwa sauti: "Ndoo namba tatu. Isifunguliwe. Sababu: tazama jalada."

"Jalada liko wapi?" Mama Samaki aliuliza.

"Limeazimwa."

"Na nani?"

"Mama, angejulikana aliyeliazima, lingekuwa limeshadaiwa." Akachukua koleo ya waya, akakata.

Mchanga ulikuwa mweupe, laini, mkavu kama unga. Fundi wa matangi aliyekuja kufunga mitambo aliupokea kiganjani akausifu, kisha akamfundisha Mama Samaki kazi yote kwa asubuhi moja. Mchanga uoshwe kwenye beseni mpaka maji yatoke safi. Maji ya bomba yalale kwenye ndoo usiku mzima ili dawa iishe. Kila wiki robo tu ya maji ibadilishwe, na mpira wa kunyonya uning'inizwe kidole kimoja juu ya mchanga: uchafu utapanda wenyewe, mchanga utabaki. Sifongo la chujio likamuliwe kwenye maji yaleyale ya tangi, lisipelekwe bombani. Na mchanga uchokolewe kwa kijiti mara kwa mara, maana usipochokolewa hujifungia hewa mbaya chini, na siku ikitoka itaua.

"Kwa hiyo ni kama ofisi," alisema Mama Samaki.

Fundi alicheka, na mchanga ulipokwisha kuoshwa na kutandazwa tangini akaingiza mikono yote miwili majini mpaka kwenye viwiko, akalikaza chujio.

Mama Samaki alikuwa ameuosha mchanga ule mara saba. Maji ya kwanza yalitoka kama maziwa, akayamwaga kwenye mtaro wa nyuma. Ya saba yalitoka ya kunywa. Harufu ndiyo haikutoka. Ilikuwa harufu ya mahali palipofunikwa muda mrefu, unyevu na chuma, na ilibaki kwenye vidole vyake hata baada ya limau.

Wiki hiyohiyo tarishi mstaafu alikuja kufuata karatasi zake za kustaafu. Alikuwa mzee mkimya aliyebeba majalada ya ofisi ile kwa miaka thelathini bila kulisoma hata moja. Aliliona tangi, akasimama.

"Mchanga huo umetoka wapi, mwanangu?"

"Ndoo ya tatu."

Mzee alirudi hatua mbili nyuma. "Niliyempokea kazi aliniambia ndoo ile isifunguliwe."

"Hukuuliza kwa nini?"

"Hapa anayeuliza hapandishwi cheo."

"Kwani wewe ulipandishwa, baba?"

"Sikupandishwa," alisema mzee taratibu, macho hayabanduki kwenye maji. "Lakini nimestaafu mzima." Akatoka bila karatasi zake. Mtu aliyezifuatilia miezi minane akaziacha dirishani, na hilo peke yake lingetosha kumshtua yeyote anayeijua ofisi ile.

Tangu hapo tuta lilijitokeza kila siku ya kazi. Mama Samaki alilisawazisha kila siku kabla ya saa mbili, kwa sababu ya usafi tu, kama mtu anavyonyoosha kitambaa cha meza. Mwezi wa pili matuta yakawa mawili. Wiki hiyo katibu muhtasi wa Mkuu, dada mcheshi aliyechelewa kila siku na kila siku akaja na sababu mpya, alikuwa amedondosha hereni ndani ya tangi alipokuwa akijitazama kwenye kioo chake. Alipandisha mkono wa blauzi, akaichopoa mwenyewe. "Maji yenu ya baridi, Mama Samaki," alisema akikung'uta vidole. "Kama yananishika."

Mama Samaki hakuunganisha mambo hayo. Nani angeunganisha?

Kisha shule ya binti yake iliita wazazi. Binti alikuwa na miaka tisa, na nyumbani, walikokuwa wawili tu, aliitwa Chiriku, kwa sababu alianza kusema kabla hajafumbua macho asubuhi na alinyamaza usingizini kwa shida. Mama yake alijaza fomu ya ruhusa, nakala tatu, akaruhusiwa mpaka saa sita mchana.

Aliporudi na mtoto mkononi alikuta watu wamejaa kwenye mlango wa chumba cha katibu muhtasi, na hakuna aliyefoka. Yule dada alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono juu ya mashine, kichwa kimeinama kidogo kama mtu anayesoma alichokiandika, na walipomwinua ili wamlaze sakafuni kichwa kikaenda nyuma na mdomo ukafunguka, na kutoka mdomoni ukamwagika mchanga, mweupe, umelowa, ukamwagika bila haraka kwenye shingo na kwenye blauzi na kwenye barua aliyokuwa hajaimaliza, ukaendelea kumwagika muda mrefu kuliko kifua cha mtu kinavyoweza kubeba, mpaka wale waliomshika wakamwachia.

Daktari aliandika: moyo. Alipoulizwa habari ya mchanga alisema fomu haina nafasi ya mchanga.

Ndani ya tangi, matuta mawili yalikuwa yamesimama tangu asubuhi. Hakukuwa na mtu wa kuyasawazisha.

Mtunza Bohari, ambaye msiba haukumzuia kufuatilia dhamana ya pampu, alimpigia simu fundi wa matangi jioni hiyohiyo. Simu ilipokelewa na mwanamke anayelia. Fundi alikuwa amekufa mchana uleule, akiwa kwake mezani, na chakula hajakigusa.

Mama Samaki aliposikia hayo alikaa chini, palepale kwenye benchi la wateja. Matuta mawili. Watu wawili waliotia mikono. Siku moja ambayo yeye hakuwepo. Hata karani wa vyeti vya kuzaliwa angeweza kujumlisha.

Asubuhi iliyofuata alikuja saa kumi na mbili na nusu, akiomba njiani akute mchanga uko sawa, sasa kwa kuwa waliohesabiwa wameshachukuliwa. Mchanga haukuwa sawa. Palikuwa na tuta moja, dogo, nusu ya yale mengine, karibu na pale konokono anapopenda kulala. Alilisawazisha, na ukurasa ukafunuliwa chini ya maji.

Jioni alimkalisha binti yake kitandani. "Chiriku. Jana kwenye msiba, nilipokuacha ukumbini. Uligusa maji ya samaki?"

Mtoto akaficha mkono mmoja chini ya shuka.

"Sema, mama. Sikuchapi."

"Konokono alikuwa amepinduka, mama. Miguu juu."

"Konokono hana miguu."

"Ndiyo maana alishindwa kujigeuza. Nikamgeuza tu." Kisha, kwa sauti ndogo: "Kuna mtu chini ya mchanga alinishika kidole. Hakunivuta. Alinishika tu, kama anapima."

Mama Samaki alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika kwamba hapumui.

Alikwenda kwa Mkuu. Alimweleza yote, akaomba aitwe mganga, akiwa amesimama, kwa kuwa kiti hakukaribishwa. Mkuu alikuwa mtu wa suti safi na sahihi ndefu. Hakusema ndiyo wala hapana kwa jambo lolote ambalo halijaletwa kwa maandishi. Lakini na yeye alikuwepo siku katibu wake alipoinuliwa kwenye kiti.

"Mganga," alisema polepole, kama mtu anayeonja neno. "Hilo tunaweza kuliita ushauri wa kitaalamu kuhusu mazingira ya ndani. Lakini lazima ziwepo bei za washindani watatu."

Mtunza Bohari alizitafuta. Mganga wa kwanza alitaka malipo kabla ya kazi, utaratibu hauruhusu. Wa pili hakuwa na mhuri. Wa tatu alishinda, mwanamke wa makamo mwenye miwani na mkoba wa ngozi, aliyekuja saa saba mchana kwa sababu huo ndio muda ambao ofisi nzima huwa imekwenda kula.

Hakuimba, hakuchoma kitu. Alivuta benchi, akaweka sikio kwenye kioo, akafumba macho. Viputo vya pampu vikapungua, vikakoma, ingawa pampu yenyewe ilikuwa bado inanguruma. Samaki wote wakageuza vichwa upande mmoja. Mama Samaki aliona mchanga ukinyanyuka mahali sikio lilipokuwa, ukisogea kwenye kioo kwa upande wa ndani, taratibu, kama kitu kinachokuja kusikiliza kinachosikilizwa, na ile harufu ya mahali palipofunikwa ikajaa ukumbini kiasi kwamba ulimi wake ulionja chuma.

Mganga alitoa sikio. Shavu lake lilikuwa jeupe kwa baridi. "Chini ya jengo hili kulikuwa na kisima," alisema kwa mnong'ono. "Wajenzi walikifukia. Mwenyeji wa kisima wakamwahidi mahali pa kulala, wakamlaza kwenye mchanga wake mwenyewe, wakafunga kwa waya. Alikuwa amelala, mama. Nani kamwosha?"

"Mimi."

"Mara ngapi?"

"Saba."

"Hata wewe ungeoshwa mara saba ungeamka."

"Nirudishe mchanga kwenye ndoo?"

"Wote? Mpaka ndoo ijae kama ilivyokuwa?"

Mama Samaki alikumbuka yale maji kama maziwa, na mtaro wa nyuma. Mchanga kiasi gani ulikwenda na maji? Angekuwa mvivu, angeuosha mara moja tu kama watu wengine wanavyofanya kazi pale, yasingetokea haya. Miaka kumi na mmoja ya kusifiwa kwa bidii, na bidii ndiyo iliyomponza mwanawe.

"Usiyamwage maji," mganga aliendelea, "jini la kisima litawafuata liliowahesabu. Wala usimwache mtu mwingine atie mkono. Tuta likisimama mpaka saa mbili kamili, mwenye tuta anakwenda siku hiyohiyo."

"Na Jumapili? Na sikukuu?"

"Limeahidiwa na ofisi, linafuata kalenda ya ofisi. Humu ndani ni hilo peke yake linalowahi kazini." Mganga hakutabasamu. "Lisawazishe wewe. Aliyeliamsha ndiye anayelilaza; mkono wa mwingine utahesabiwa tu."

"Kwa muda gani?"

Mganga alifunga mkoba wake. "Mwanao ana umri gani?"

Ripoti yake iligongwa mhuri, ikatiwa kwenye jalada, na jalada likawekwa mahali salama, yaani halikuonekana tena.

Miezi miwili ilipita hivyo. Kila siku ya kazi tuta dogo, rula, ukurasa. Halafu, Jumatatu moja, Mama Samaki akakabidhiwa barua. Ofisi ilimshukuru kwa utumishi wake. Usafi, pamoja na utunzaji wa tangi, sasa ungefanywa na kampuni. Kibarua chake kisingeongezwa mara ya arobaini na sita. Makabidhiano yangefanyika Ijumaa.

Alikwenda tena kwa Mkuu, na safari hii alipiga magoti.

"Inuka, Mama Samaki, unachafua gauni."

"Mkuu, unajua kilichomo mle. Nitakuja bure. Nusu saa tu asubuhi, kisha naondoka."

"Mtu asiye mtumishi haruhusiwi kugusa mali ya ofisi. Ukiumia nani atajibu?"

"Mwanangu atakufa, Mkuu."

Mkuu alitazama dirishani. "Mambo ya imani," alisema, "hayamo kwenye muundo wa utumishi."

Mama Samaki aliinuka. Magoti yalikuwa yanauma. Alisimama mlangoni kidogo, akiitazama ile mikono safi juu ya meza, mikono ambayo haikuwahi kushika ufagio, wala rula, wala konokono. Kisha akaenda kuomba fomu ya makabidhiano, aijaze.

Ijumaa walikusanyika mbele ya tangi watu wanne: Mkuu, Mtunza Bohari, msimamizi wa kampuni ya usafi, na Mama Samaki. Maji yalikuwa safi hata ungedhani samaki wanaelea hewani. Mtunza Bohari alisoma fomu kifungu kwa kifungu. Tangi, moja. Pampu, moja. Samaki, kumi na sita, wazima. Konokono, mmoja.

"Kifungu cha nane. Mkuu wa ofisi, akiwa mwenye dhamana ya mali, athibitishe joto la maji kwa mkono."

"Nani kakiweka hicho?" Mkuu aliuliza.

Mtunza Bohari aliigeuza fomu, akaikagua nyuma na mbele. "Kimeandikwa, Mkuu."

"Naona kimeandikwa."

"Basi kama kimeandikwa..."

Msimamizi wa kampuni alikohoa kwa heshima. Mkuu alitazama fomu, akatazama saa yake, akaivua. Mtu aliyekataa magoti ya mwanamke kwa sababu hayakuwa kwenye utaratibu hakuwa na la kuujibu utaratibu wenyewe. Alikunja mkono wa shati, akauzamisha mpaka kwenye kifundo. Mama Samaki aliuona mchanga ukijiinua chini ya vidole vile, kidogo tu, kama mgongo wa paka anayepapaswa.

"Vuguvugu," alisema Mkuu. Kisha akautoa mkono kwa haraka kuliko alivyoutia, akautazama.

"Sahihi hapa, Mkuu," alisema Mama Samaki.

Jumatatu saa moja na robo alikuwa nje ya geti. Chiriku alimwacha nyumbani kwa jirani, anakohoa, na kwenye mto wake asubuhi ile palikuwa na chembe tatu nyeupe. Mlinzi hakumruhusu kuingia. Kitambulisho alikuwa amekirudisha Ijumaa, kifungu cha kumi na moja. Saa moja na dakika ishirini na tano gari la Mkuu likafika. Kwa miaka yake yote ya uongozi hakuwahi kufika kabla ya saa tatu, na mlinzi alidhani limeibiwa.

Mkuu alishusha kioo. Hakuwa amenyoa. Alitema kitu kwenye leso, akakitazama, akaikunja leso. "Fungua," alimwambia mlinzi. "Na huyu aingie."

Ndani ya tangi yalikuwa matuta mawili, moja dogo na moja kubwa, na lile kubwa lilikuwa na upana wa mtu anayekula vizuri. Mama Samaki alichukua rula. Alilisawazisha lile dogo, polepole, mpaka likatoweka, mpaka ukurasa ukafunuliwa. Kisha akaiacha rula imesimama ndani ya maji, hakuisogeza.

"La pili," Mkuu alinong'ona.

"Hilo ni la ofisi. Mimi si mtumishi."

"Mama Samaki, tafadhali."

"Mtu asiye mtumishi haruhusiwi kugusa mali, Mkuu. Nikiumia nani atajibu?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili kasoro kumi na tisa. Mkuu alikimbilia ofisini kwake, akaketi kwenye mashine ya katibu aliyekufa, akaanza kuandika kwa kidole kimoja barua ambayo ofisi ilishindwa kuiandika kwa miaka kumi na mmoja, na katikati ya kila neno alikohoa, na kila alipokohoa kitu kiligonga karatasi kama mvua ya kwanza juu ya bati, na kule ukumbini tuta lilikuwa linapanda, Mama Samaki alilitazama likipanda, na samaki walikuwa wamegeuka wote wakimtazama yeye.

Alirudi na karatasi. Ajira ya kudumu. Kituo cha kazi: tangi. Asihamishwe.

"Mhuri," alisema Mama Samaki.

"Uko kwa Mtunza Bohari! Anakuja saa tatu!"

"Basi tumsubiri."

Mkuu wa ofisi ya vyeti aliuvunja mlango wa bohari kwa bega, akaing'oa droo kwa mtaimbo, akapiga mhuri barua hiyo mara nne, mara moja kwenye kiganja chake mwenyewe. Ilikuwa saa mbili kasoro dakika mbili. Mama Samaki aliisoma barua kuanzia anwani mpaka nakala kwa nani, akaikunja, akaitia kifuani. Ndipo akalilaza tuta la pili.

Miaka kumi na tisa imepita. Mkuu alistaafu, akahama mbali, lakini kila siku ya kazi saa mbili na dakika tano simu ya ukumbini hulia.

"Limelala?"

"Limelala, Mkuu."

Hasemi zaidi. Wanaomfahamu wanasema hajalala usingizi mzima tangu siku ile, na kwamba hula akichunguza kila tonge. Kwa sababu hiyo Mama Samaki hakumwambia binti yake. Mtoto alisahau, kama watoto wanavyosahau, na mama akaona heri asahau kuliko aishi akihesabu chembe kwenye mto. Kwa hiyo Chiriku alikua akijua jambo moja tu kuhusu mama yake: kwamba hakuwahi kuomba likizo. Hakuja kwenye mahafali, ilikuwa Jumanne. Hakuja kwenye harusi, ilikuwa Alhamisi, huko mbali alikoolewa. "Mama yangu anawapenda samaki," huwaambia watu, na hacheki. Hapigi simu mara kwa mara. Maneno yote aliyokuwa nayo utotoni sasa huwapa wengine.

Lakini mama anazo habari zake. Tuta lilirefuka mwaka hadi mwaka, na yeye akawa anampima mwanawe kwa rula ya plastiki, sentimita kwa sentimita, kama wazazi wengine wanavyoweka alama ukutani. Alijua mwaka alipoacha kurefuka. Alijua mwaka alipokonda.

Wiki iliyopita Mama Samaki alipokea barua yenye mhuri. Ofisi ilimkumbusha kwamba umri wake wa kustaafu kwa lazima utatimia baada ya miezi minane, na kwamba sheria haina msamaha. Aliuliza kwa maandishi. Akajibiwa kwa maandishi.

Jumatatu hii aliingia saa moja na nusu, barua ikiwa bado mkobani. Akaondoa kifuniko cha tangi, akawasha taa. Palikuwa na tuta kubwa la Mkuu, limenywea kizee. Palikuwa na la binti yake, refu, lililonyooka. Na ubavuni mwa la binti yake, limejibanza kama linasikia baridi, palikuwa na tuta la tatu, jembamba, lisilozidi punje ya maharage.

Mama Samaki alilitazama muda mrefu. Hakuna aliyempigia simu kumpa habari ya mjukuu. Alihesabu miezi kwa vidole vya mkono mmoja, akahamia wa pili, akahesabu tena ile ya kwenye barua, na hesabu mbili zikakutana mahali pamoja.

Saa ya ukutani ilisema saa mbili kasoro robo. Alizamisha rula majini, akaanza na lile dogo kabisa. Mchanga ulijilaza bila ubishi, na chini yake, taratibu, jalada jipya likafunguliwa.